Sauti Yangu na Wabisha Hodi wa Likoni

Jumatatu, 3 Septemba 1962

Leo nimeamua. Sauti yangu itaingia kwenye mashine, itoke redioni. Likoni nzima imechelewa kuijua sauti hii, na kuchelewa huko ni kosa lao, si langu.

Chanzo ni Rama. Rama fundi cherehani, mshona kanzu za watoto wa chuo cha Kurani! Juzi kasikika redioni. Wimbo mmoja tu. Sauti ya puani, gitaa kama mtu akwangua sufuria iliyoungua. Na watu wa barazani, ambao hawanyamazi hata kwa khutuba, wakaacha kugombana juu ya Mwambao kujitenga na juu ya uhuru, wakasikiliza. Nilikohoa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa makusudi. Bado wakasikiliza.

Hayo ningeyasamehe. Lakini nimeambiwa Mwanasaumu naye alisikiliza, tena akasema ati Rama ana sauti ya kutuliza. Mwanasaumu mjane wa Mtongwe, niliyempelekea posa mimi! Nyumba ya mawe, bati juu, kisima uani, na akicheka hata mwenye deni husahau. Na nasikia Rama naye kapeleka posa. Huyo Rama!

Kutuliza? Mimi nilimtuliza chui, Burma, wakati wa vita. Aliingia jikoni kwa maofisa kutafuta nyama. Nikashika gitaa, nikapiga nyuzi mbili, akalala. Akakoroma. Kikosi kizima mashahidi, ila waliobaki wanaishi mbali. Dada yangu Mwanatabu, ambaye namlindia nyumba yake (yeye husema nakaa bure), anasema Burma nilikuwa mpishi na gitaa nililinunua Changamwe. Uongo. Changamwe nilinunua nyuzi tu, tena uzi wa sita hawakuwa nao, nikatia mshipi wa kuvulia. Unalia vizuri kuliko ile mitano.

Dada kaniletea habari za posa. Si kukubaliwa, si kukataliwa. Mzee Boga, kaka yake Mwanasaumu, ana desturi yake. Jibu la posa hamtumi mtu. Huja mwenyewe, alasiri asiyoitaja, akabisha hodi kama mpita njia, aone anavyopokewa. Husema mume hajulikani siku ya harusi, hujulikana mlangoni pake. Basi atakuja, huenda wiki hii. Dada kaninyooshea mwiko: jibu kila hodi, weye, hata ya mbuzi.

Ananifundisha mimi kujibu hodi! Mimi mtoto wa watu!

Jumanne, 4 Septemba

Mashine nimepata. Ni ya Dishon, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mtu wa Maragoli, mchukuzi wa bandarini. Aliinunua kwa baharia. Kisanduku kizito, magurudumu mawili juu, utepe unatoka huku unaingia kule, na betri za tochi tumboni. Dishon huitumia kunasa kwaya ya kanisani kwao. Kaniambia: Bwana Faki, nikiwa kazini tumia, lakini utepe wangu wa kwaya usiuguse, chukua huu mtupu. Kisha akanieleza vitufe mara tatu, polepole, kwa Kiswahili chake cha kupanda mlima. Sikumsikiliza. Mtu aliyetuliza chui hafundishwi kitufe.

Taabu ni wakati. Asubuhi chuo cha jirani, watoto wanasoma kwa kupiga kelele kama wamechomwa. Adhuhuri kila nyumba inatwanga. Na nyumba zetu hizi za makuti kuta hazifiki juu. Jirani akipiga chafya, mimi nasema alhamdulillahi. Saa ya kimya ni moja tu, baada ya alasiri, dada akishakwenda chamani kwao kucheza ngoma ya lelemama. Ndiyo hiyohiyo saa ya Mzee Boga. Sawa. Mwanamume hufanya mawili.

Nikajifungia chumbani. Nikaweka maikrofoni juu ya mtungi. Nikabonyeza kitufe chekundu. Ubeti wa kwanza ukatoka kama asali. Wa pili, nimefika pale pazuri, mlangoni: Hodi!

Kinywa kikasema karibu kabla sijakiruhusu. Ndani ya wimbo! Nikarusha gitaa kitandani, nikatoka mbio nikijipanga uso. Mzee Boga? Nzai, muuza samaki. Kaniuliza kama twataka samaki wa changu. Nikamwambia nataka aondoke. Kasema basi ungenyamaza, Ami, umenikaribisha mwenyewe.

Niliporudi mashine ilikuwa bado yazunguka na utepe wote uko chini, lundo zima, kama tambi za Idi. Nilijaribu kuurudisha kwa mkono. Nilijaribu kwa kijiti. Nikaukata kwa kisu. Umebaki wa kufungia mzigo.

Jumatano, 5 Septemba

Nimeazima utepe wa kwaya. Kuazima si kugusa.

Leo nimejenga studio. Godoro la sufi nimelisimamisha dirishani. Mikeka ya dada ukutani. Blanketi la jeshi mlangoni. Jogoo chini ya tenga, na juu ya tenga jiwe. Mimi, gitaa na mashine ndani ya chandarua, na shuka la dada juu ya chandarua. Joto! Nilikuwa kama kiazi kwenye jivu. Lakini kimya kama kaburi. Rama hawezi kufikiria akili ya namna hii. Yeye alipelekwa studio ya watu akakalishwa kitini kama mgonjwa.

Ubeti wa kwanza. Hodi! Karibu! Nikatoka na chandarua kichwani. Bi Nyamvula wa nyumba ya pili, na kigae mkononi, anaomba kaa la moto. Alipoona ninavyotiririka jasho akasoma dua. Nikampa moto wote, asirudi.

Nikaanza upya. Ubeti wa kwanza, wa pili, nakaribia wa tatu. Hodi! Karibu! Nimesema tena! Ulimi huu mama yangu aliulea vibaya, aliulea kwa adabu mno.

Alikuwa Rama. Rama! Na utepe wa kupimia shingoni, na tabasamu la mwizi wa kuku. Ati kapita kuona kama nahitaji kanzu ya harusi, ya mtu yeyote. Akachungulia ndani. Kasema: shikamoo Ami Faki, nimesikia sauti toka njiani, nani anawamba kitanda kwa kamba?

Kuwamba kitanda! Nilimjibu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, na kwa kweli niliyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Jioni Dishon kaniuliza kama mashine yaenda vizuri. Nikamwambia sana. Akauliza utepe mtupu umetosha? Nikamwambia umetosha kabisa, hata umebaki.

Alhamisi, 6 Septemba

Leo nimetumia kichwa.

Nani abishaye hodi hapa? Muuza samaki, muomba moto, mpelelezi. Kwa ajili yao mimi naharibu wimbo wa maisha yangu. Na Mzee Boga leo hawezi kuja. Kuna maziko Kisauni, kivuko kilijaa tangu asubuhi, na Mzee Boga hakosi maziko, hata ya asiyemjua. Kwa hiyo leo hodi yoyote ni ya bure. Nikakiapia kinywa changu: leo hujibu. Nikakitia tambuu kidogo kikumbuke.

Dada akatoka, akanikumbusha mlango, nikamwitikia. Chandarua. Kitufe chekundu. Bismillahi.

Wallahi, niliimba! Nilijiliza mwenyewe. Wimbo wenyewe nimeutunga kwa ajili ya Mwanasaumu, jina lake lakini sikulitaja. Mimi si mtu wa kutangaza wanawake wa watu redioni kama Rama angefanya. Nimeutunga kuonyesha tabia yangu. Ubeti wa tatu ndio moyo wake:

Mlango wangu u wazi,
wageni nawapokea,
wakija huwa azizi,
viti nikawawekea.

Palepale kwenye ubeti huo nadhani mtu alibisha. Nzai huyo na changu wake. Kinywa kikataka kufunguka, nikakiuma. Nadhani akabisha tena. Nikapandisha sauti. Nikaurudia ubeti, kwa nguvu, mpaka mshipi wa kuvulia ukakaribia kukatika. Hakuna hodi inayoweza kushindana na kifua hiki. Akachoka, akaenda zake.

Nimeshinda! Wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, bila karibu hata moja. Kesho baada ya swala ya Ijumaa naubeba barazani. Sijausikiliza bado. Betri zimedhoofu, na kwa nini nizimalize mimi peke yangu na hali najua ni mzuri?

Ijumaa, 7 Septemba

Kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira, si haya.

Barazani palijaa. Rama mbele kabisa, nilimwekea kigoda mwenyewe. Nikanunua betri mpya. Nikatoa hotuba fupi ya Burma. Kisha nikabonyeza.

Gitaa likaja. Watu wakatulia. Mmoja akasema lo, kumbe! Nikamtazama Rama. Ubeti wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri sana. Wa tatu: mlango wangu u wazi. Na nyuma yake, mbali kidogo lakini safi kama shilingi mpya, mtu kakohoa kikohozi kikavu, kasema: Hodi.

Kikohozi hicho Likoni nzima inakijua. Wanaume wakatazamana.

Wageni nawapokea, naimba mimi. Hodi, anasema Mzee Boga.

Nikataka kuzima. Vitufe vyote vilifanana! Nikabonyeza kimoja, sauti ikazidi. Wakija huwa azizi! Nasikika nikipandisha kifua kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Hodi jamani, anasema Mzee Boga mara ya tatu. Kikohozi. Kisha nyayo, taratibu, zinaondoka. Nami naurudia ubeti: viti nikawawekea!

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Kisha wimbo ukaisha, na chini yake, palepale, bila nafasi, kwaya ya akina Dishon ikalipuka na matarumbeta. Hapo ndipo walipoanguka. Mzee mmoja alishikwa mbavu na watu wawili. Rama kasema, akifuta machozi kwa utepe wake wa kupimia: Ami Faki, kimbia nyumbani, shemejiyo angali nje.

Maziko ya Kisauni yalikuwa ya asubuhi. Watu siku hizi wanazika kwa haraka, hawana adabu.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimelitazama jambo hili kwa haki. Kosa ni la Mzee Boga. Mtu mzima, anasikia mwenzake yuko katikati ya ubeti, kwa nini asingoje kiitikio?

Dada haoni hivyo. Kasema hodi tatu ndizo Mtume alizotufundisha, mtu asipojibiwa arudi, na yule mzee alirudi juani, na mikononi alikuwa na kikapu cha maembe ya kunikubali. Ya kunikubali! Sikujua hilo. Nimekaa kitako nikafikiri juu ya Mwanasaumu. Kusema kweli sikula mchana. Mara moja nilimwona akichota maji pale kisimani kwake, akaniuliza, bila kugeuka: Bwana Faki, gitaa lako huwa halilali? Hakuna mwanamke aliyepata kuniuliza habari za gitaa. Wake zangu wawili wa kwanza waliniuliza habari za unga.

Dada kajifunga leso yake nzuri, kaenda Mtongwe kuniombea.

Dishon naye kagundua. Kwaya imekatika katikati, na aliyeongoza, mama mmoja aitwaye Jael, amerudi kwao na sauti yake. Dishon hakunipiga. Alisimama mlangoni, kifua kipana kama kabati, kasema: Bwana Faki, hii mashine sasa usiitazame hata. Nikamkumbusha kwamba dini yake inamlazimu kusamehe. Kasema amesamehe, na usiitazame.

Jumatatu, 10 Septemba

Dada karudi na habari. Kumbe Mzee Boga alifika nyumbani, akasema mimi ndiye niliyekataa. Lakini Mwanasaumu alipoelezwa na watu kisa chote alicheka mpaka akajishika ukutani. Akamwambia kaka yake: marehemu mume wangu alikuwa akisikia kila kitu, hata nisiyoyasema, huyu asiyesikia huenda nikapumzika. Tena akasema sauti si mbaya. Dada kaapa ni maneno yake.

Sauti si mbaya! Nimemwambia dada ayarudie mpaka akachukia.

Mzee Boga atakuja Jumapili, baada ya alasiri, na mwenzake mmoja. Mara ya pili na ya mwisho. Kwa Rama hajakwenda. Asubiri huko na sindano zake.

Jumapili, 16 Septemba

Nyumba ilifagiliwa. Kahawa ikawekwa jikoni, halwa kwenye sahani ya maua. Dada kanikalisha kitini nyuma ya mlango kama mtuhumiwa, kaniambia: kaka'ngu, leo kazi yako ni neno moja. Karibu. Mtoto mchanga hulijua. Akaenda uani.

Nikakaa. Nikafikiri. Jambo kubwa kama hili lipite hewani tu, lipotee? Kesho Rama atasema Mzee Boga hakuja, au alikuja kwa mengine. La! Jibu lake liingie kwenye mashine, hodi na kila kitu, kisha nilipige barazani na Rama akae kigoda kilekile. Wasikie hodi nyingine, na safari hii wasikie karibu yangu. Na Mwanasaumu naye awe na kumbukumbu. Ni wazo jema, silikanushi hata sasa.

Dishon yuko kanisani. Mlango wake umefungwa kwa kamba, na kamba si kufuli. Sikuitazama mashine, niliibeba nimefumba macho, nikagonga mguu wa meza. Nikaiweka chini ya kiti, maikrofoni nyuma ya pazia.

Nyayo. Kikohozi. Hodi!

Na kidole bado hakijafika kwenye kitufe! Hodi nzima imepotea bure. Ningefanyaje? Nikasema kupitia mlangoni, kwa heshima zote: shikamoo mzee wangu, hiyo haikuingia. Tafadhali rudi kidogo mpaka pale kwenye mpapai, uje upya.

Nyayo zikarudi nyuma. Muungwana, sikatai. Labda alidhani navaa nguo.

Hodi ya pili. Lakini ya chini, ya mtu aliyechukizwa, na jogoo wa dada akaiingilia. Tenga lilikuwa halina jiwe! Nikamwomba: mzee wangu, umekaribia mno, tena itoe kwa furaha kidogo, kwa kifua. Nikamsikia mwenzake akinong'ona kama ndani mna mgonjwa. Dada uani kaita: Faki, nani? Nikamwambia anyamaze, tunanasa.

Hodi ya tatu.

Wallahi, hodi! Ilitoka tumboni, ikapanda, ikatikisa komeo. Sijapata kusikia hodi kama ile, hata Burma. Nilifumba macho kuisikiliza. Nikauacha utepe uzunguke kidogo, na mwangwi wake nao uingie. Ndipo nikasimama, nikafungua mlango kwa mikono miwili, nikasema karibuni, kwa sauti ya kupendeza kabisa.

Mpapai peke yake.

Dada alipofika hakupiga kelele. Kakaa kwenye kile kiti, kachukua sahani ya halwa, kaila yote, polepole, akiniangalia. Hakunipa hata kipande. Kisha kasema hodi ya nne hakuna, akaenda kulala na jua lingali juu.

Bi Nyamvula kaja baadaye, kabisha, nikajibu mbio, ndiye aliyetuletea habari. Mzee Boga toka hapa alinyoosha moja kwa moja dukani kwa Rama. Kabla hodi haijamtoka mzee mdomoni, Rama alikuwa ameacha cherehani, ameangusha kiti, amesema karibu. Jibu langu kapewa yeye. Na Mwanasaumu, alipoambiwa, ati aliuliza: je, ile hodi ya tatu iliingia kwenye mashine?

Rama! Mtu asiye na kazi ndiye asikiaye hodi upesi hivyo.

Nimeurudisha utepe nyuma, nimesikiliza tena na tena. Ya kwanza haimo. Ya pili ina jogoo. Lakini ya tatu! Wazi, nzito, hakuna hata chembe ya vumbi, na nyuma yake karibu yangu, na nyuma yake kimya kizuri kisicho na mtu. Kesho navuka na kivuko, naupeleka redioni, waamue wenyewe wataweka wimbo gani baada yake. Likoni haijanasa kitu kama hiki. Rama mke anaye. Hodi kama ile hana.